Kidimbwi cha Kaa

Hapo kale bwawani aliishi Kaa mwenye subira, jirani yake Perege mwenye haraka. Kaa alijenga ukuta wa mawe akatenga kidimbwi pembeni, akatia kokoto zenye utelezi wa bwawani, kisha akangoja.

"Unangoja nini humo?" Perege akamcheka.

"Nangoja maji yakomae, jirani, utelezi wa kokoto uzoee kula uchafu. Yakiwa machanga, uchafu wa samaki humdhuru samaki mwenyewe."

Maji yalipokomaa, akawasili mchumba wa mwana wa Perege kutoka mto wa mbali. Kaa akampeleka kidimbwini akae peke yake kwanza, asije akawa amebeba ugonjwa wa huko atokako. Perege akafura.

"Mkwe wangu unamfungia kama mwizi? Kesho naubomoa ukuta huu."

Asubuhi alikuja kweli, akamkuta mkwe amejaa vidoa vyeupe, anahema. Perege akageuka kuwatazama watoto wake waliokuwa wakicheza bwawani.

"Kaa, ndugu yangu, ongeza mawe."

Kaa akamuuguza binti yule kwa chumvi kidogo kidogo hadi magamba yakang'aa, ndipo akamfungulia. Siku ya harusi Perege alimketisha Kaa mbele ya wote.

"Watoto hawa nimewazaa mimi," akawaambia wageni, "lakini mkiwaona wazima, mshukuruni huyu."