Shavu la Bingwa

Tangu watu wazima wote tuvalishwe bangili ya ganzi, hapa Ngamiani hakuna anayegeuza chapati kwa mwiko, na bingwa wa vidole ni mimi. Naibandua chapati, naipindua, naipapasa juu ya chuma chekundu, huku majirani wakinitazama kwa wivu. Siri naijua pia. Maumivu ni umeme, nao husafiri kwenye mishipa ya fahamu kwa kufungua milango midogo inayoingiza chumvi. Dawa ya bangili huiziba milango ile, basi habari za moto huishia kwenye kifundo cha mkono. Mguso unabaki, joto halifiki.

Juzi mke wangu, Mwanakheri, alimleta mjukuu wetu Rukia, amelegea begani.

"Mshike paji, Baba Zubeda. Ana homa huyu?"

Nikaweka kiganja. Nilihisi ulaini, nikahisi jasho. Joto sikulihisi.

"Wewe unaonaje?"

"Ningejua ningekuuliza wewe, bwana bingwa?"

Nikainama, nikamwekea shavu langu. Mtoto alikuwa anawaka. Tukamkimbiza hospitali, akapona.

Sasa mtaa mzima wananiletea watoto niwapime kwa shavu, nami nawapima kwa maringo, sikatai.

Leo serikali imegawa mikufu ya ganzi, ya kuzuia maumivu ya meno na uso mzima. Ni amri, kesho kila mtu awe amevaa. Mwanakheri ameshavaa wake, na wangu ameushika mkononi.

"Lete shingo, mume wangu," anasema. "Utakupendeza."