Njia Anayoijua Radi

Masele alianguka tena kutoka mgongoni mwa farasi, palepale penye mgunga, upande uleule wa kushoto wenye mchanga laini. Ilikuwa mara ya sita wiki hiyo.

"Angalau huachii hatamu," alisema Onesmo, akichechemea kumfikia. "Lakini unakaa kama gunia la mtama. Legeza kiuno. Nguvu za farasi usipambane nazo kwa mikono. Zipokee kiunoni, uzitulize kwa pumzi."

Masele alijikung'uta mchanga. "Kukaa najua, kaka. Ni Herman ananivuta."

Kijiji kizima cha Maganzo kilisema hivyo. Herman, mdogo wake Onesmo, alikuwa askari wa farasi katika mgodi wa almasi, na Masele alifanya naye doria kwa miguu. Jioni moja ya mwaka 1951, kwa maelezo ya Masele, waliachana langoni. Radi, farasi wa Herman, akarudi zizini na tandiko tupu. Miezi mitatu sasa, na mama yao alikataa kukaa matanga bila mwili wa mwanawe.

Onesmo aliamini Radi ndiye angewaonyesha alipo. Bila mtu mgongoni, farasi huyo alirudi zizini tu. Akipata mpandaji aliyetulia, alishika njia aliyozoea kupita na Herman. Onesmo mwenyewe alishavunjika nyonga, hawezi kupanda. Basi bwana mkubwa wa mgodi alipompa Masele kazi ya Herman, Onesmo alimfundisha kwa moyo wake wote.

Asubuhi iliyofuata alikuja na kamba. Aliipitisha chini ya tumbo la Radi, akamfunga Masele miguu yote miwili. Hatamu akazivua.

"Leo hakuna wa kukuangusha, mdogo wangu. Kaa katikati, mwachie."

Walipofika kwenye mgunga, Onesmo alivua kofia. "Herman, mwache mwenzio apite."

Wakapita. Radi alitembea taratibu, masikio mbele, na kwa mara ya kwanza Masele alikuwa amekaa wima. Onesmo, aliyekuwa akitembea ubavuni, alitokwa na machozi ya furaha.

"Mzuie, kaka!" Masele alipiga ukelele. "Mzuie! Asifike shimoni!"

Onesmo hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huko kuna shimo. Alimpiga Radi kofi la paja, akamwachia aende.