Ulimi wa Mavyaa

"Kwangua kwa nguvu, utando utoke!" wifi alihimiza kutoka mlangoni.

Mwanamize hakumsikiliza. Alikizungushia kidole chake kitambaa laini kilicholowa maji vuguvugu, akaufuta ulimi wa mavyaa wake, mama wa mumewe, taratibu, kutoka nyuma kuja mbele, ili maji yasimpalie wala ulimi usitoke damu. Siku tatu mgonjwa alikuwa hajatamka neno.

Ulimi huu ndio uliotangaza kijiji kizima cha Msuka, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kwamba Mwanamize kamtoa kafara mwanawe wa pekee. Sasa ulikuwa chini ya kidole chake, mkavu kama karafuu iliyoanikwa jamvini.

Utando ulitoka, wekundu ukaonekana. Bibi akafumbua macho.

"Mwanamize," alisema. "Yule mtoto wako... mimi ndiye..."

Pumzi ikamkwama. Pale mlangoni wifi aliinamisha kichwa.

Miaka minne Mwanamize alikuwa akiyangoja maneno hayo. Lakini pumzi iliyobaki ilikuwa ya neno moja tu, na neno la mwisho la Muislamu linajulikana.

Alimwinamia sikioni.

"Yaache hayo, mama. Sema: la ilaha illallah."