Mbwa wa Tano

"Pamba! Pamba wee! Njoo mwanangu!"

Pamba hakuja. Kilichokuja ni mwiba, ukapenya raba na kumchoma Mama Mbwa kisiginoni.

Jina hilo alipewa na majirani kwa utani, na alishaacha kulikasirikia. Kazi yake ilikuwa kutembeza mbwa wa watu wenye nafasi. Kila Jumamosi anawatoa mjini, anawapeleka mashambani wakakimbie vilimani, jioni anawarudisha kwao wakiwa hoi. Leo hoi alikuwa yeye. Tangu asubuhi alipanda na kushuka kilima kilekile, mbwa wanne wakimvuta huku na huku, kila mmoja na lake, na wa tano haonekani.

Tena wa tano mwenyewe ni wa Bi Mkubwa! Angepotea mwingine yeyote, angejua la kusema. Pamba alikuwa na wiki mbili tu mikononi mwake, na siku ya kumkabidhi, Bi Mkubwa hakuzungusha maneno: "Huyu aliachwa na marehemu mume wangu. Akipotea, usije kunieleza kitu." Na Bi Mkubwa ndiye aliyemletea wateja wote wa barabara ile. Akiondoka yeye, wanaondoka wote, na Mama Mbwa anarudi kufua nguo za watu.

"Ni wewe!" alimfokea mdogo wake. "Umefungua mlango kabla sijashika kamba!"

"Mimi? Mlango umeufungua wewe mwenyewe, dada. Wakakurukia, wakatawanyika. Mimi nilikuwa ndani ya gari."

Kweli alikuwa ndani. Mdogo wake ndiye dereva, na alikuwa anaogopa mbwa vibaya sana. Asubuhi alizunguka nyumba za wateja bila kukanyaga chini, vioo vimepandishwa mpaka juu. Anapiga honi getini, mlinzi anafungua mlango wa nyuma, anasukuma mbwa ndani, gari linaondoka. Dereva gani huyo wa mbwa! Lakini mama yao alishasema kijana asikae bure nyumbani, na neno la mama halina rufaa.

"Kwa Bi Mkubwa hawakuwa na neno?"

"Neno gani? Mlinzi alinipungia mkono, nami nikampungia, nikaondoka."

Mama Mbwa akasonya. Akashika njia tena.

Kufika mchana sauti ilikuwa imemkauka. Yule mkubwa wa kahawia alikuwa amemlia mkate wake wote pamoja na karatasi. Yule mwenye miguu mifupi aligoma kutembea, ikabidi abebwe. Mama Mbwa alikaa juu ya jiwe, akalia kwa hasira, kamba zimemzunguka miguuni.

Ndipo akaona kitu cheupe ng'ambo ya uzio, pembeni mwa shamba la maharage.

"Yule pale! Mungu wangu, yule pale!"

Alikuwa amelala kivulini kama aliyezaliwa hapo. Manyoya meupe yaliyojisokota, masikio yaliyoanguka. Mkanda wa shingoni haukuwepo. Bila shaka ulibaki vichakani. Mama Mbwa alimwita kwa jina. Mbwa akafumbua jicho moja, akamtazama, akalifumba.

"Aa, kumbe unanisikia! Unanifanyia makusudi!"

Alizifunga kamba za wale wanne kwenye nguzo, akatambaa chini ya uzio, akamrukia. Mbwa akang'ata mkono wa shati, akapiga mayowe ya kusikika kilima cha pili.

"Wiki mbili nakulisha biskuti, leo unaning'ata? Hebu tulia huko!"

Mayowe yalimtoa mzee mmoja kwenye nyumba ya jirani na shamba. Alikuja mbio, ndara moja mguuni, mikono juu, akipiga kelele zisizoeleweka. Mama Mbwa akatazama nyuma. Loo! Mstari mzima wa maharage alikuwa ameulaza chini.

"Tusamehe maharage, baba!" alipaza sauti, akimkumbatia mbwa kwa nguvu. Akafungua kamba, akawavuta wale wengine mpaka kwenye gari.

Mzee hakutaka samahani. Aliwafikia gari likiwa limeanza kutembea, akaupiga mlango wa nyuma kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, akikimbia nao.

"Dada, nisimame?"

"Usimame upigwe? Kanyaga mafuta!"

Kwenye kioo mzee alizidi kuwa mdogo, amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani.

"Watu na maharage yao," alisema mdogo wake.

Kwenye kituo cha mafuta waliomba maji, wakamwosha Pamba matope. Alitetemeka, akakataa biskuti. Njia nzima aligeukia kioo cha nyuma na kulia kwa sauti nyembamba, mpaka Mama Mbwa, aliyekuwa amemkasirikia kutwa nzima, akamwonea huruma.

"Nyamaza basi. Si unarudi kwenu?"

Waliwashusha wale wanne kwanza. Mlangoni kwa Bi Mkubwa alijifuta uso, akamnyoosha mbwa manyoya kwa vidole, akayapanga maneno: mkanda umekatika, lakini mwenyewe yuko salama, hana hata mchubuko. Moyo ulikuwa umeanza kutulia. Akabonyeza kengele.

Bi Mkubwa alifungua mwenyewe, mbwa mdogo mweupe aliyevishwa sweta akiwa kwapani mwake.

"Karibu. Pamba bado ana homa, ndiyo maana leo sikumtoa," alisema, kisha akakitazama kifua cha Mama Mbwa. "Na huyo anayelia hivyo, ni wa nani?"