Alama ya Leo

"Inua mguu, bi mkubwa," alisema fundi Mbwiga, amechuchumaa na chaki mkononi.

Bi Mwanahamisi alishika nguzo ya gereji, akainua mguu kadiri alivyoweza. Fundi akachora alama kwenye nguzo pale wayo ulipofika. Walipima hivyo kila mwezi kabla ya safari ya hospitali, kwa sababu gari la mwanawe Hemedi lilikuwa na springi za kupandisha na kushusha kwa spana. Likiwa juu, mama hawezi kuingia. Likiwa chini, linagonga kila tuta hadi hospitali, na mgongo unamuuma njia nzima.

Alama ya leo ilikuwa vidole viwili chini ya ile ya mwezi uliopita.

"Tunashusha tena?" Hemedi aliuliza kwa uchovu.

"Mwache ashushe, mwanangu. Matuta nitayavumilia."

Fundi aliingia uvunguni mwa gari, akazungusha nati za springi chini, upande mmoja baada ya mwingine. Alipotoka, alimvuta Hemedi kando.

"Nati imefika mwisho," alinong'ona. "Mwezi ujao gari halitashuka tena."

Mama alikuwa ameshaketi ndani ya gari. Hemedi alirudi kwenye nguzo, akaifuta alama ya leo kwa kiganja.

Njia nzima, usukani ulikuwa mweupe kwa chaki.