Kitabu Kilichofutika

Umewahi kumwona mtu mzima akijifuta macho kwa leso, na kumbe chini ya leso anacheka?

Karani mstaafu alikuwa hivyo mchana ule, amesimama nyuma ya kiti cha fundi kwenye sebule yake mwenyewe. Kompyuta yake ya kukunja ilikuwa wazi juu ya kitambaa cheupe cha meza, ambacho mkewe alikipiga pasi mpaka kwenye pindo. Mkewe ndiye aliyemwita fundi, maana kompyuta ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha maharage ndipo iwake.

Fundi, msichana mwenye miwani na kucha fupi, ndio kwanza alikuwa amemaliza kuipima.

"Mzee, imeoza kwa ndani. Dawa yake ni kuifomati. Nafuta kila kitu, halafu naweka mfumo mpya, safi."

"Kila kitu?" akauliza mstaafu nyuma ya leso. "Hata kitabu changu?"

Hapo ndipo penye kisa. Tangu astaafu, mzee huyu alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake. Ndivyo alivyowaambia watu. Kila asubuhi, chai ikishashuka, aliingia chumba cha uani akafunga mlango, na nyumba nzima ikaanza kunyata. Redio ilishushwa sauti. Majirani waliobisha hodi walionyeshwa kidole mdomoni. Hata vitunguu mkewe alienda kuvikatia nje, kisu kisije kikagonga ubao.

Na huko ndani? Kulikuwa na mstari mmoja tu: "Nilizaliwa siku ya mvua." Baada ya hapo mzee alikwama, akafungua mchezo wa karata, ule wa mtu mmoja, apumzishe akili kidogo. Hakurudi tena kwenye mvua yake. Ikawa miaka na miaka ni kupanga kopa juu ya shupaza, na jioni hutoka akinyoosha mgongo.

"Leo imekubali?" mkewe humuuliza.

"Imekataa, mke wangu. Imenitoa jasho kwelikweli."

Taabu ilikuwa binti yao mkubwa. Aliahidi kukichapa kitabu, na kila akipiga simu anauliza, "Baba, umefika wapi?" Kitabuni, kwa kauli yake mwenyewe, baba alikuwa shuleni, kisha akaajiriwa, kisha akaoa. Wiki ile alijikuta amebakiza sura ya mwisho, na binti alikuwa njiani kuja kukichukua. Aibu ilikuwa inakuja pamoja naye. Unaona sasa kwa nini fundi aliposema "nafuta kila kitu," mzee alitafuta leso haraka?

"Hapana, mzee," fundi akasema. "Kazi ya mtu siifuti hivihivi. Nionyeshe kilipo, nakihamishia kwenye flashi."

Leso ikashuka.

"Ah, usijisumbue, binti yangu. Kimetawanyika humo."

"Nitakikusanya."

"Kina virusi!"

"Nitavisafisha."

"Basi na kife tu!" mzee akapaza sauti. "Mwandishi ni mimi, na mimi nimesema kife."

Fundi akamgeukia mke, aliyekuwa anamimina chai taratibu bila kumwaga tone. "Mama, na wewe unakubali? Kazi ya miaka yote hii?"

"Muache, mwanangu. Mwenyewe si ndiye huyo kasema."

"Basi abonyeze mwenyewe," fundi akasema, akisogeza kiti. Ndiyo desturi yake. Wateja walikuwa wameshamlaumu vya kutosha. "Kidole changu hakimo kwenye kufuta vitabu vya watu."

Mzee alibonyeza kabla fundi hajamaliza kumwonyesha pa kubonyeza. Kisha akashika kichwa.

"Jamani! Sura zote! Utoto wangu! Harusi yetu!"

"Pole, bwana," mkewe akampapasa mgongo. "Pole sana. Hasa hiyo harusi."

Wakampigia simu binti yao. Alisikitika mpaka mzee mwenyewe akamwonea huruma. "Basi, baba, usilie," akasema. "Cha muhimu ni uzima. Hicho kitabu hatukiulizi tena." Mzee alipokata simu alikuwa mwepesi kama aliyetuliwa gunia. Alikunywa chai yake, akaongeza sukari, akamsifu fundi kwa miwani yake.

Mchana ukasogea. Mfumo mpya ukajipakia pole pole, asilimia kwa asilimia, mpaka kioo kikawaka buluu, kisafi, hakina hata doa. Mke alikuwa ameingia chumbani. Mzee akatazama mlango, kisha akainama kwenye sikio la fundi.

"Binti yangu, mle ndani kulikuwa na kimchezo fulani cha karata. Nirudishie hicho tu. Kinipoze majonzi."

Fundi akakohoa. "Hicho siwezi, mzee."

"Kwani kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Nimekatazwa nisikirudishe. Tena nilikatazwa kwenye simu, kabla sijafika hapa."

"Na nani?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mkewe akaja, akaifunika kompyuta, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akaweka mezani pakiti ya karata ambayo hata nailoni yake haijachanwa.

"Changanya," akasema. "Tangu ustaafu nangoja utoke mle chumbani ucheze na mimi."