Jezi ya Kipa

Chuoni hapo timu ikishinda jezi hazifuliwi, bahati isije ikaondoka na povu. Msimu mzima Mzee Shomvi, mtunza vifaa, alifua kila Jumamosi mpaka vidole vikamchubuka.

Mechi ya mwisho nayo walifungwa. Mzee akajaza maji beseni. Nahodha Lugano akamletea jezi, moja akabaki ameikumbatia.

“Lete na hiyo, mwanangu, nimalize nikapumzike.”

“Hii ya kipa usiifue, mzee wangu. Leo amedaka penalti.”

“Kwani tumefungwa ngapi?”

“Tatu. Zingekuwa nne.”

Mzee akaguna. Alipomaliza kuanika zile kumi, akaitundika ya kipa katikati, na tope lake kifuani, kisha akazisogeza zile mbichi zisiidondoshee maji.